Miaka kumi na tano ya sanduku letu la akiba





Sisi akina mama wa Nkungu tuliombwa tuwaelezee sherehe ya kutimiza miaka 15 ya kikundi chetu cha kuweka akiba. Tulikubali upesi, tukidhani ni kazi ndogo ya kutaja wageni, kusifu pilau na kuwashukuru waliochangia. Tulipokaa kuandika tukaona haiwezekani kusimulia pilau peke yake. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe tuligundua kwamba kwa miaka mitano tulikuwa tukimdhulumu mwenzetu mmoja, bila kujua, na huku tukijiona sisi ndio tuliodhulumiwa. Basi tumekubaliana tueleze yote. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa, mradi jina lake lisitajwe, na sisi tumeona ni haki majina yetu pia yasitajwe.

Kwa wasiopajua, Nkungu ni moja ya kata 18 za wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, upande ambao wazee bado wanauita Cyangugu. Kwetu si mjini. Mji ni Kamembe, kwenye soko kubwa na njia ya kuvukia Bukavu. Sisi tuko milimani na maharagwe yetu, mihogo na migomba. Waislamu katika nchi yetu ni wachache, kama watu wawili katika kila mia, na katika wilaya yetu wanajulikana zaidi Kamembe na kule Bugarama, bondeni kwenye mpunga na kiwanda cha saruji. Wengi wetu tuliletwa huku juu na ndoa. Mikutano yetu huenda kwa Kinyarwanda, lakini haya tunayaandika kwa Kiswahili ili jamaa zetu wa Bukavu, Uvira na Bujumbura wasome bila mkalimani. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya nchi yetu tangu mwaka 2017, ingawa mama zetu hawakungoja Bunge ili wakitumie chuoni na sokoni.

Kikundi kilianza Septemba 2010, siku chache baada ya Idi. Tulikuwa wanawake 11. Mmoja wetu alikuwa amemaliza Ramadhani akiuguza mtoto mwenye malaria, na nyumba yake ilikuwa haijalipa mituweli, ile bima ya afya ya jamii. Tulichangishana siku ile, mtoto akatibiwa, akapona, alhamdulillah. Lakini njiani kurudi tuliulizana, je, tutachangishana hivi mara ngapi? Mwaka uliofuata, 2011, mchango wa mituweli kwa kaya nyingi kama zetu ukawa faranga 3,000 kwa kila mtu. Nyumba ya watu saba ni faranga 21,000, na hutakiwa mapema, mwaka wa bima unapoanza mwezi wa Julai. Mama anayeuza ndizi kwa mikungu hapati 21,000 kwa siku moja. Faranga 200 kila Alhamisi anazipata.

Utaratibu wa sanduku hatukuubuni sisi. Nchi hii imejaa vikundi vya namna hii, kwa Kinyarwanda huitwa ibimina. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, funguo tatu hukaa kwa wanawake watatu wa nyumba mbalimbali, na sanduku lenyewe hukaa kwa wa nne. Haliwezi kufunguliwa ila wote wakiwepo. Baadaye tulikuja kusoma kwamba mpango huu ulioenea Afrika nzima ulianzia Niger mwaka 1991, katika jimbo la Maradi, shirika la CARE lilipokaa na wanawake wa vijijini waliokuwa tayari na michango yao ya zamani. Wale ni Wahausa, Waislamu kama sisi. Tulifurahi sana kulijua hilo, maana kuna ndugu aliyekuwa akituambia kwamba sanduku ni mambo ya wazungu.

Lakini kuna jambo moja la vikundi hivi lililotusumbua tangu mwanzo. Katika vikundi vingi anayekopa hurudisha na nyongeza ya kila mwezi, na mwisho wa mwaka zile nyongeza hugawanywa kwa wanachama wote, ndiyo faida yao. Sisi tukasema hiyo ni riba, na Allah ameiharamisha riba na akahalalisha biashara. Aya ya 275 ya Sura al-Baqara haihitaji mtu msomi sana kuielewa. Tukaamua mkopo urudi kama ulivyotoka, faranga kwa faranga.

Kusema ni rahisi. Miaka miwili ya kwanza karibu tuvunjike. Walioweka sana walinung'unika kwamba pesa yao inawanufaisha wanaokopa sana, na wao mwisho wa mwaka wanarudishiwa kilekile, na wakati huohuo bei ya sabuni na mafuta imepanda. Nao walikuwa na hoja, tusiwalaumu. Wawili waliondoka wakajiunga na kikundi cha riba cha ng'ambo ya bonde. Aliyetutoa hapo alikuwa jirani yetu Mkristo (tulikuwa na majirani watatu wasio Waislamu katika kikundi, na bado tunao). Alisikiliza mabishano yetu Alhamisi mbili, kisha akauliza, "Kama dini yenu inakataza pesa kuzaa pesa lakini inaruhusu biashara, kwa nini hamfanyi biashara?"

Ndipo tukaanza maharagwe. Huku kwetu mavuno makubwa ni mara mbili, karibu na Januari na karibu na Juni, na kupanda ni Septemba na Februari. Wakati wa mavuno maharagwe ni rahisi, wakati wa kupanda kila mtu anatafuta mbegu. Sehemu ya akiba tukaitenga kununua wakati wa mavuno, kuchagua, kukausha vizuri na kuuza kama mbegu. Faida tunagawana kwa kadiri ya akiba ya kila mtu, na hasara vilevile. Hasara tuliionja mapema. Msimu wa kwanza gunia mbili zilibunguliwa zote kwa sababu hatukukausha vya kutosha, tukala maharagwe yenye matundu wiki nzima nyumba zote, watoto wakitucheka. Kisha mama mmoja akaleta swali jingine zito: Je, hii si ile ihtikari aliyoikataza Mtume (S.A.W.), kuhodhi chakula ili bei ipande? Tukampelekea sheikh mjini. Alituuliza tunanunua kiasi gani, tunauza kwa bei gani, na kama kuna mtu aliyewahi kuja kununua tukamfukuza ili tungojee bei zaidi. Akasema kununua palipo na wingi na kutunza mpaka wakati wa haja si kuhodhi, mradi tusimnyime mhitaji na tusipange bei ya kuwakomoa watu. Tangu siku hiyo tunauza kwa bei ya soko la siku hiyo, na jirani maskini tunampunguzia.

Tunaeleza haya kwa urefu kwa sababu dada zetu wa sehemu nyingine hutuuliza kila mara jinsi ya kuwa na kikundi bila riba. Jibu letu ni kwamba inawezekana, lakini ina uzito wake. Mkopo wa riba hujilinda wenyewe kwa nyongeza. Mkopo usio na riba una vitu viwili tu vya kuulinda, uaminifu na maandishi. Kwenye uaminifu tulijisifu mno, na kwenye maandishi tulilegea. Allah ameteremsha aya ya 282 ya sura hiyohiyo, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, na inahusu kuandika madeni. Tulikuwa tunaifundisha watoto.

Sasa tuje kwenye deni lenyewe.

Mwenzetu huyu alikuwa akifanya biashara ya kuvuka mpaka. Ananunua mboga na kuku huku kwetu, anashuka Kamembe, anavuka daraja la Rusizi kwenda kuuza Bukavu na kurudi jioni. Februari 2020 alikopa faranga 150,000, mkopo mkubwa kuliko wote tuliowahi kutoa, na hakuna aliyesita maana alikuwa halipi kwa kuchelewa hata siku moja. Mwezi uliofuata ulikuja ugonjwa wa korona. Machi nchi ikafungwa, misikiti ikafungwa, mpaka ukafungwa kwa watu wa biashara ndogo. Idi ya mwaka ule tuliswali majumbani mwetu. Na pale sehemu nyingine za nchi zilipoanza kulegezewa, mwezi wa Juni Rusizi yetu ikarudishwa kwenye vizuizi, safari za kuingia na kutoka wilayani zikasimama. Kuku wake aliwauza kwa bei ya kutupa, waliobaki wakaliwa na watoto.

Mikutano ilikuwa marufuku. Sanduku lilikaa kwa mama mmoja na funguo zake tatu kwenye nyumba tatu, na sisi tulijivunia kwamba hakuna anayeweza kuligusa. Ni kweli hakuna aliyeligusa, hata siku tulipolihitaji. Nyumba nne za wanachama zilikuwa hazina chakula, tukajua, na hatukuweza kukutana kufungua. Lakini siku moja mwezi wa Julai nyumba zile zilipelekewa unga wa mahindi, maharagwe, mafuta na sabuni. Tulimshukuru Allah, tukasema kikundi kimesaidia watu wake. Hatukuuliza pesa ilitoka wapi. Kila mmoja alidhani mwenzake anajua.

Tuliporuhusiwa kukutana tena, mwekahazina wetu wa wakati ule alikuwa ndani ya arobaini, amejifungua mtoto wa kike. Katibu akasoma madeni kutoka kwenye daftari. Alipofika kwa mwenzetu akasoma 150,000. Yeye akasema, "Hapana, mimi nimelipa sehemu, nimetuma kwa simu." Tukamwuliza karatasi iko wapi. Akasema simu ile iliharibika kwa maji, ameibadilisha. Mtu mmoja kati yetu, na huyo ni sisi sote maana hakuna aliyemkanya, akasema maneno ya kwamba siku hizi kila mwenye deni simu yake imeanguka majini. Watu wakacheka. Mwenzetu akaondoka kabla ya dua ya kufunga, na hakurudi.

Kwa nini hatukumwuliza mwekahazina? Tumejiuliza swali hili usiku na mchana. Wiki ile tulisema tusimsumbue mzazi. Baada ya arobaini tukaingia msimu wa mbegu, tukasahau, au tulipenda kusahau. Mwaka 2021 mume wake alipata kazi Kigali wakahamia Nyamirambo, na daftari likaendelea kusema 150,000. Kila mwisho wa mwaka wakati wa kugawana tulikata hasara hiyo kwenye faida ya wote, na kila mwaka mtu alikumbusha ni kwa sababu ya nani. Wengine walitaka kwenda kuchukua mbuzi wake. Bibi yetu mkubwa, ambaye ni mwanachama mzee kuliko sote, alikataa kwa kutaja aya ya 280 inayotuamuru kumpa muda mdaiwa mwenye dhiki, na ikiwa tunaweza kumsamehe ni bora zaidi. Tukajiona wema sana kwa kutochukua mbuzi wa mtu.

Mwaka 2025 ukafika, na matayarisho ya sherehe yakaanza na ugomvi wa keki. Vijana wetu walitaka keki yenye maandishi, kama wanavyoona kwenye harusi za mjini. Baadhi ya waume zetu wakasema kusherehekea kutimiza miaka ni bidaa, na kwa kuwa Septemba hiyo iliangukia Mfungo Sita, mabishano ya kila mwaka ya Maulidi yakachanganyika na mabishano ya kikundi cha maharagwe. Zikapita wiki mbili. Mwisho tukapatana iwe siku ya shukrani na ya kugawana akiba, iwe na dua, kisomo cha Qur'an na chakula, bila keki. Tunakiri kwamba tulitumia maneno mengi zaidi juu ya keki kuliko tuliyoyatumia juu ya mwenzetu kwa miaka mitano. Binti mmoja anayesoma sekondari akatuambia pia kwamba kwa mwaka wa Hijria tumeshachelewa, maana tulianza Shawwal 1431, kwa hiyo tumeshapita miaka 15 na miezi mitano. Tukamwambia mtu mwenye hesabu kiasi hicho ndiye tunayemtaka, tukampa madaftari yote ya zamani aandike historia ya kikundi, kwamba tumeweka kiasi gani, tumekopeshana kiasi gani, tumelipia mituweli watu wangapi, isomwe mbele ya wageni.

Alikaa na madaftari siku nne za likizo. Siku ya tano, baada ya Maghrib, alikuja nyumbani kwa katibu na karatasi moja iliyokunjwa, aliyoikuta ndani ya daftari la 2020. Ilikuwa orodha ya vile vyakula vya Julai: unga, maharagwe, mafuta, sabuni, nauli ya pikipiki, jumla faranga 65,000. Akauliza kwa adabu, "Mama, hizi 65,000 zilitoka wapi? Sanduku lilikuwa limefungwa, na kwenye hesabu hakuna pesa iliyotoka. Nimejumlisha mara tatu."

Katibu anasema alihisi miguu imekufa ganzi. Alimpigia simu palepale yule mwekahazina wa zamani, Nyamirambo. Huko mama yule yuko salama na amejifunza ushonaji. Anatusimulia mara nyingi habari za kituo cha wanawake cha mtaani kwao, kilichoanzishwa na wanawake 18 mwaka 2007, na sisi humsikiliza kwa husuda njema. Usiku ule hakukuwa na habari za kituo. Alipoulizwa juu ya Julai 2020 alinyamaza, kisha akasema, "Si zile za dada yetu? Alinitumia mara mbili, 40,000 na 25,000. Mwenyekiti akaniambia ninunue chakula. Wallahi nilidhani niliandika." Mwenyekiti wa wakati ule alikuwa ameshafariki, Allah amrehemu. Alikuwa ndiye mtu wa tatu aliyejua, na alifariki kabla ya mkutano ule wa katibu kusoma madeni.

Kwa hiyo deni la mwenzetu halikuwa 150,000. Lilikuwa 85,000. Na chakula kile tulichojisifia kuwa kikundi kiliwapa wenye njaa, kilitoka mkononi mwa mwanamke ambaye wakati ule alikuwa anachinja kuku wake wa biashara ili watoto wale. Nyumba moja kati ya zile nne ni ya mama aliyefanya mzaha wa simu kuanguka majini.

Tulikutana wote kesho yake ingawa haikuwa Alhamisi. Wengine walisema sherehe ivunjwe. Bibi yetu mkubwa akasema sherehe si kitu, iwepo au isiwepo, lakini kabla ya jua kuzama watu waende kwa mwenye haki. Mtu akapendekeza twende na sukari na kitenge. Bibi akakataa: "Mkienda na sukari mtakuwa mnanunua msamaha. Nendeni na daftari."

Tulikwenda wanne baada ya Alasiri. Alikuwa anamenya mihogo uani. Aliitikia salamu, akatukaribisha mkekani, akaendelea kumenya. Katibu akamweleza kila kitu, akamwonyesha ile karatasi. Alisikiliza mpaka mwisho. Tulidhani atalia au atatutukana, na tulikuwa tayari kwa yote mawili. Aliuliza jambo moja tu: "Watoto wangu walisikia mama yao akiitwa mwizi. Walisikia njiani, walisikia kisimani. Hao nani atawaambia?"

Hatukuwa tumelifikiria hilo. Tulikuja kuomba msamaha faraghani kwa jambo tulilolitangaza hadharani. Tukamwambia, tutasema siku ya sherehe mbele ya watu wote. Akasema sawa, atakuja, lakini kama mgeni, kurudi kwenye kikundi hakuahidi. Tukamwambia pia kwamba tumekubaliana kuzifuta zile 85,000 zilizobaki. Hapo ndipo alipoweka kisu chini. "Hapana. Nilikopa, nitalipa. Mkinifutia, watu watasema hata hizo 65,000 mlinifutia tu." Kwa kweli tuliona ana akili kuliko sisi wanne pamoja.

Siku ikafika, Jumamosi ya Septemba, jua zuri baada ya mvua ya usiku. Mchele ulitoka Bugarama, mbuzi watatu walichinjwa asubuhi, na mama wa Kamembe walikuja na sambaza wa ziwani wa kukaanga na moyo mweupe. Majirani zetu Wakristo walipanda mlima na vikapu kichwani, maharagwe, mtama na maziwa, kama ilivyo desturi ya nchi yetu mtu akialikwa kwenye furaha. Watoto wa madrasa walisoma Qur'an, mdogo wao ana miaka sita na alisoma Sura adh-Dhuha bila kukosea herufi. Mabinti waliimba kaswida, dufu tuliliacha ili tusirudi kwenye mabishano ya wiki mbili. Sheikh alitoa darsa juu ya amana.

Kisha mwenyekiti akasimama kusoma historia ya kikundi. Wageni walitegemea tarakimu za kufurahisha, na zilikuwepo. Hakuna nyumba ya mwanachama iliyokosa mituweli tangu 2012, na watoto tisa wamemaliza sekondari kwa mikopo ya sanduku. Lakini alipofika mwaka 2020 alisoma yote, 40,000 na 25,000, chakula, karatasi, mkutano, kicheko. Hakutaja jina, ila hakukuwa na mtu uwanjani asiyejua. Alisema, "Hakuwa na deni la uongo. Sisi ndio tuliokuwa na deni lake." Yule mama wa mzaha alisimama mwenyewe bila kuitwa, akasema yeye ndiye, na chakula kile kililiwa nyumbani kwake.

Baadaye tulisikia kwamba baadhi ya waume hawakupendezwa. Walisema mambo ya ndani hayasomwi mbele ya wageni wa mjini na mbele ya watu wa dini nyingine, tumejivunjia heshima. Tumelifikiria neno hilo, na hatukubaliani nalo. Wageni wale walikuwa wameshasikia habari ya upande mmoja kwa miaka mitano. Walipaswa kusikia na ya pili. Ni kweli hata hivyo kwamba mjane wa nyumba nyingine kati ya zile nne aliona aibu kuona njaa yake inasomwa, na kwa hilo tulimwendea na yeye kumwomba radhi. Tulitaka kusafisha jambo moja tukachafua jingine kidogo.

Mwenzetu alikaa upande wa majirani, nyuma, pamoja na watoto wake wakubwa wawili. Hatukumwona akilia wala akicheka. Mwekahazina wa zamani alikuwa amesafiri kutoka Kigali usiku kucha, na walikumbatiana kwa muda mrefu bila kusema neno ambalo sisi tulilisikia.

Sanduku likafunguliwa mbele ya wote, funguo tatu, kila mtu akaitwa na kupewa yake. Tulipomaliza na katibu anataka kufunga daftari, mwenzetu akaja mbele. Alitoa noti ya faranga 5,000 kutoka kwenye pindo la kitenge. Katibu akaipokea akataka kuiweka sandukuni, na yeye akamzuia mkono: "Andika kwanza." Katibu akaandika tarehe, kiasi kilicholipwa, 5,000, na kilichobaki, 80,000. Watatu wakaweka saini, na yule binti wa sekondari akanakili vilevile kwenye karatasi ya pili. Mwenzetu alisoma karatasi yake mara mbili, akaikunja, akaifunga kwenye pindo palepale noti ilipotoka, kisha akaenda kuwatafuta watoto wake kwenye foleni ya pilau.